Mwendo Kwanza, Rangi Baadaye

Wakazi wa Nairobi wanaoteremka Malindi au Watamu mwezi wa Desemba hurudi na habari za samaki, madafu na jua. Nikiwauliza kuhusu vitwitwi, wale ndege wadogo wa kijivu wanaokimbiakimbia pale wimbi linapoishia, wengi hunijibu: "Tuliwaona, shosho. Wote ni sawa." Hawako sawa hata kidogo. Katika kundi moja kwenye mchanga wa mlango wa Mto Sabaki, mmoja huwa ameanguliwa papo hapo mchangani, jirani yake ameruka kutoka tundra ya Siberia, na wa tatu ameshuka kutoka milima ya Asia ya kati. Nataka msomaji wa Nairobi ajue kuwatenganisha kabla hajakanyaga mchanga wa pwani, na ninaamini mahali pazuri pa kujifunzia ni hapa hapa jijini, upande wetu wa magharibi, kwenye matope ya mito na mabwawa yetu.

Mimi ni mshonaji. Nimeshona nguo Kawangware maisha yangu yote ya kazi, na sasa cherehani nimewaachia wanangu. Ndege nimejifunza kwa matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, pale Museum Hill. Matembezi hayo aliyaanzisha Fleur Ng'weno mwaka 1971, chini ya chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki kilichoundwa mwaka 1909, ambacho Wakenya wa leo wanakijua kwa jina la Nature Kenya. Watu hukutana saa tatu kasorobo, mwenye darubini anamwazima asiye nayo, na safari inaanza. Hakuna anayeulizwa shahada yake.

Kazi ya ushonaji ilinipa jicho ambalo ndege hawa wanalihitaji. Mteja akiingia dukani, mshonaji haangalii rangi ya gauni alilovaa. Anaangalia bega liko wapi, kiuno kiko wapi, mkono unafika wapi, na anavyotembea. Gauni atalivua kesho, ila mwili ni ule ule. Basi kitwitwi ni hivyo, na kwake jambo hili ni kweli zaidi, kwa sababu gauni analibadilisha kila mwaka.

Sababu ya kubadilisha ndiyo inayowachanganya wanaoanza. Wengi wa ndege hawa hutaga mayai mbali kaskazini, mwezi wa sita na wa saba, na huko ndiko wanakovaa rangi zao za kupendeza: kifua chekundu kama udongo wa Kikuyu, mgongo wa dhahabu, barakoa nyeusi usoni. Wakitufikia, kuanzia Agosti, manyoya hayo yanachakaa na kung'oka, na badala yake yanaota ya kijivu juu na meupe chini. Wanakaa nasi na sare hiyo hadi Machi. Kwa hiyo anayefungua kitabu na kutafuta ndege mwekundu atatafuta hadi achoke. Vitabu viwili tunavyovitegemea zaidi, kile cha Zimmerman, Turner na Pearson cha 1996 na kile cha Stevenson na Fanshawe cha 2002, vinaonyesha mavazi yote mawili. Ushauri wangu ni kuziba picha ya rangi kwa kidole na kuisoma ile ya kijivu.

Ukubwa nao hudanganya. Ndege akiwa peke yake kwenye tope tupu, hakuna cha kumlinganisha naye. Darubini inamleta karibu na kumfanya aonekane mkubwa. Jua la saa sita linamkondesha kwa mvuke unaocheza juu ya ardhi. Ndiyo maana mimi huanza na mwendo.

Kwa mwendo, ndege hawa wote wanaingia katika nyumba mbili. Wa kwanza nawaita watazamaji. Wana kichwa cha mviringo, macho makubwa meusi na mdomo mfupi. Mtazamaji hukimbia hatua chache, anasimama wima kama aliyeitwa jina, anaangalia, anainama na kudonoa mara moja, halafu anakimbia tena. Anawinda kwa macho, ndiyo maana anasimama: anangoja mdudu atikisike. Wataalamu wanaiita familia yake Charadriidae. Wa pili ni wachokonozi, familia ya Scolopacidae. Kichwa chao ni kidogo, mdomo ni mrefu kiasi, na hawatulii. Wanatembea wameinama, mdomo unaingia na kutoka kwenye tope bila kupumzika, maana kazi ya kutafuta inafanywa na ncha ya mdomo wenyewe. Ncha hiyo imejaa vijishimo vyenye mishipa ya fahamu. Mwaka 1998 watafiti wa Uholanzi, akiwemo Theunis Piersma, walieleza kwamba mmoja wa jamaa hao huweza kujua palipo na kombe lililozikwa kwenye mchanga wenye maji hata bila kuligusa, kwa kuhisi jinsi msukumo wa maji kati ya chembe za mchanga unavyozuiwa na kitu kigumu. Ukilijua hilo, ule uchokonozi usiokoma hauonekani tena kama wasiwasi.

Anza na mchokonozi aliye rahisi kuliko wote, ambaye Nairobi nzima inapita juu yake bila kumwona. Simama kwenye daraja lolote la mto mdogo upande huu wetu, kwa mfano Kirichwa Kubwa unapopita ukingoni mwa Arboretum, kati ya Agosti na Aprili. Tafuta ndege wa kahawia aliye peke yake kwenye jiwe, tumbo jeupe, na sehemu ya nyuma inayopanda na kushuka bila kukoma, hata akiwa amesimama. Huyo ni Actitis hypoleucos. Alama yake nyingine ni weupe wa kifua unaopanda mbele ya bawa na kuingia begani mithili ya kabari. Ukimshtua, huruka chini chini juu ya maji kwa mapigo mafupi magumu, mabawa yameinama, anateleza kidogo, anapiga tena. Hakuna mwingine anayeruka hivyo. Maji machafu ya jiji hayamfukuzi. Nimemwona pembeni mwa mifuko ya plastiki akiokota nzi mmoja mmoja. Vijana waliokuwa wakiosha pikipiki waliniuliza siku hiyo, "Shosho, unapiga picha ya takataka?" Nikawapa darubini. Mmoja wao alimtazama kwa muda mrefu kisha akasema, "Huyu anatingisha mkia kama ana deni." Sasa anamjua, na hatamsahau.

Jamaa zake wawili wanapenda maji matamu pia, na hawa ndio wanaogombanisha watu kwenye mabwawa ya Limuru na Karen. Tringa ochropus ni mweusi mweusi, mpweke, anapenda mtaro mwembamba wenye kivuli. Akiruka, chini ya bawa ni giza na kiunoni ni weupe unaong'aa, na anapiga kelele kali ya kushtukia. Tringa glareola ana mgongo wa madoadoa, nyusi nyeupe ndefu inayopita nyuma ya jicho, miguu ya manjano, na chini ya bawa ni kweupe kiasi. Wa kwanza, ukiona wawili ni wengi. Wa pili anakaa na wenzake, watano, kumi, kwenye majani yaliyofurika. Mimi huwatenganisha kwa bawa la chini wanapoinuka, kwa hiyo nawangoja waruke wenyewe. Kuwafukuza ili uone bawa ni kuwanyima chakula, na chakula hicho ndicho mafuta ya safari yao.

Sasa watazamaji. Nairobi ina wawili wenyeji ambao hawaendi popote, na hawa ni zawadi kwa mwanafunzi kwa sababu mavazi yao hayabadiliki sana. Nenda kwenye bwawa lolote lenye ukingo wa tope wazi. Hyena Dam ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, si mbali na lango la Lang'ata, ni pazuri na unaweza kutazama ukiwa ndani ya gari. Mtazamaji mwenye mistari miwili myeusi kifuani, mstari mweupe katikati yake, na duara jekundu kuzunguka jicho, ndiye vitabu vile viwili vinamwita Charadrius tricollaris. Anatembea ukingoni kabisa mwa maji, mara nyingi wawili wawili. Mwenzake, pecuarius, yuko juu kidogo, kwenye udongo mkavu wenye nyasi fupi zilizoliwa na wanyama. Kifua chake kina rangi ya chungwa iliyopauka, hakina mstari, na mstari mweusi unapita kwenye jicho na kushuka nyuma ya shingo. Ukimwona akitapatapa na kupiga udongo kwa miguu, rudi nyuma polepole, maana anafunika mayai yake kwa mchanga kabla ya kuyaacha. Nimewaonyesha wajukuu zangu jambo hilo na tukaondoka bila kungoja mwisho wake.

Mtazamaji wa tatu wa kumzoea hapa ni mgeni: hiaticula, mwenye mkanda mmoja mweusi mnene na miguu ya rangi ya chungwa. Ana ndugu mwembamba zaidi, dubius, ambaye jicho lake limezungushiwa duara la manjano. Tofauti ambayo haina ubishi iko kwenye bawa: wa kwanza akiruka anaonyesha mstari mweupe mrefu, wa pili hana.

Amebaki mdogo kuliko wote, Calidris minuta, na kwangu ndiye mwenye maajabu zaidi. Urefu wake ni kama sentimita 13, uzito kwa kawaida chini ya gramu 30, na hutaga mayai kandokando ya Bahari ya Aktiki, kutoka kaskazini mwa Skandinavia hadi Siberia. Hufika nchini kwa maelfu. Wengi huenda maziwa ya Bonde la Ufa, na wengine hujaa kwenye madimbwi ya maji taka ya Dandora, upande wa mashariki ya jiji. Upande wetu wanakuja wachache tu kwenye mabwawa yanayokauka, na uchache huo ndio unaofaa kwa somo. Angalia: mdomo mfupi ulionyooka, mweusi, miguu myeusi, udonoaji wa haraka sana, juu juu, kana kwamba anashona. Watoto wa mwaka huo, wanaofika Septemba na Oktoba, wana mistari miwili myeupe mgongoni inayokutana na kufanya herufi V. Kama ndege wa ukubwa huo ana miguu ya kijanikibichi au manjano na anatambaa polepole amejikunyata kwenye majani, huyo ni temminckii, na umepata bahati.

Mtu akiwajua hawa vizuri, amekuwa na vipimo. Akifika ufukoni atakuwa anauliza: huyu ni mkubwa au mdogo kuliko minuta? Anasimama na kutazama, au anachokonoa?

Tuseme umefika Sabaki, kaskazini ya Malindi, jua likiwa mgongoni mwako. Kwenye mchanga ulio wazi mbele ya bahari utaona kikundi kinakimbilia maji wimbi linaporudi, na kukimbia kurudi linapokuja, miguu haionekani kwa kasi. Ni Calidris alba. Huyu ni mchokonozi, ingawa anakimbia, kwa sababu tazama kichwa: kiko chini, mdomo unachomachoma mchanga laini kila anaposita. Ndiye mweupe kuliko wachokonozi wote wakati akiwa kwetu, na penye kiwiko cha bawa pana doa jeusi. Ukiweza kuona mguu, hana kidole cha nyuma, na jamaa zake wote wa karibu wanacho. Karibu naye, juu zaidi ya mstari wa maji, kuna mtazamaji mweupe vilevile, marginatus, mwenyeji wa pwani anayetaga kwenye mchanga huo. Watu wanaotegemea rangi huwachanganya hawa wawili daima. Mwendo unawatenganisha kwa dakika moja: mmoja anafuata wimbi, mwingine anakimbia, anasimama, anatazama.

Calidris ferruginea utamkuta ndani ya maji hadi tumboni. Miguu yake ni mirefu kuliko ya alba, mdomo ni mrefu na umepinda kwenda chini polepole hadi nchani, na akiruka kiuno chake ni cheupe. Xenus cinereus ana mdomo uliopinda juu na miguu mifupi ya rangi ya chungwa, na anakimbia amejiinamisha kama anayefukuza kitu. Hao wawili hawana shida.

Shida ipo Mida. Hori hiyo, kusini kidogo ya Watamu, imezungukwa na mikoko, na maji yakipwa hubaki uwanja mpana wa tope na mchanga. Huko wako watazamaji wa kijivu kwa mamia, wasio na mkanda kifuani, wenye mabaka mawili tu ya kijivu, moja kila upande wa kifua. Ni aina mbili, zimechanganyika, na kitabu chochote kitakuambia mmoja ni mdogo na mwingine ni mkubwa. Mdogo ni sentimita 20 hivi, mkubwa ni 22 hadi 25. Jaribu kuziona hizo sentimita kwa mbali! Hapa ndipo jicho la mshonaji linapolipwa. Usipime ndege mzima. Pima mdomo kwa kichwa chake mwenyewe. Chukua umbali kutoka shina la mdomo hadi ukingo wa nyuma wa jicho, kisha uulaze mdomo juu ya umbali huo kwa macho. Kama mdomo unatosha hapo au ni mfupi zaidi, na ncha yake ni butu, ni yule mdogo. Kama unazidi, ni mnene na unachongoka polepole, ni leschenaultii, yule mkubwa. Halafu miguu: ya mdogo ni ya kijivu iliyokolea hadi nyeusi, ya mkubwa imepauka na ina ukijani au umanjano. Kichwa cha mdogo ni cha mviringo na cha upole. Cha mkubwa ni kizito, kina kona, na akiruka vidole vyake vinachungulia nyuma ya mkia.

Tope, hata hivyo, hupaka miguu yote rangi moja. Kwa hiyo nataka dalili mbili zinazokubaliana kabla sijaandika jina. Nikipata moja tu, naandika "mmoja wa wale wawili", na nahesabu hiyo kuwa kazi nzuri.

Huyo mdogo ana habari mpya. Kwa miaka mingi aliitwa mongolus, kila mahali. Mwaka 2023 orodha kuu za ndege duniani zilimgawa sehemu mbili, kwa kuwa uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa waliokuwa wakihesabiwa kuwa aina moja ni aina mbili: wale wa mashariki ya Siberia, na wale wa milima ya Asia ya kati, Tibet na Himalaya, ambao sasa ni atrifrons. Wanaokuja kwetu ni hasa hao wa milimani. Ndege anayelelewa mahali pa juu kuliko kilele chochote cha Aberdare anapitisha miezi yake kwenye tope la Mida, akiokota kaa wadogo na minyoo pamoja na akina mama wa kijijini wanaotafuta chambo.

Kuna watu waliokwisha kuniuliza, kwa heshima, majina haya yanamsaidia nani. Jibu langu ni hesabu ya Januari. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wataalamu wa Makumbusho na watu wa kujitolea wamekuwa wakitoka kila Januari kuhesabu ndege wa maji, kwenye maziwa ya Bonde la Ufa na pia kwenye mabwawa yanayozunguka Nairobi. Hesabu kama hiyo inafanyika nchi nyingi kwa wakati mmoja. Ikiandikwa "vitwitwi 400", haisemi chochote, kwa sababu aina moja inaweza kuisha huku nyingine ikijaza nafasi yake na jumla ikabaki 400. Hesabu zilipoandikwa kwa aina, kwa miaka mingi, ndipo ikaonekana kwamba baadhi wanapungua. Oktoba 2024, ferruginea, yule wa mdomo uliopinda, alipandishwa kwenye orodha ya kimataifa hadi daraja la walio hatarini, pamoja na mtazamaji mkubwa wa kijivu, Pluvialis squatarola, ambaye pia ni mgeni wa kila mwaka katika pwani yetu. Mabwawa na matope yanajazwa udongo na nyumba njia nzima wanayopita, kutoka Asia hadi kwetu. Bwawa la Nairobi pale kati ya Kibera na Lang'ata lilijengwa mwaka 1953 kwa ajili ya maji ya jiji, na leo sehemu kubwa yake imefunikwa na magugu maji; ndege wa kutembea ukingoni hana tena ukingo. Hilo linaniuma kila matatu inapopita hapo.

Kwa anayetaka kuanza, ukumbi wa ndege ndani ya Makumbusho una mamia ya ndege waliokaushwa na kupangwa kwa familia. Huko unaweza kusimama mbele ya leschenaultii asiyekimbia na kuulinganisha mdomo na kichwa kwa utulivu, mvua ikinyesha nje. Kisha nenda bwawani. Kwa Mida, panga kufika maji yakiwa yameanza kujaa, saa mbili au tatu kabla hayajafika juu kabisa, maana yanavyopanda yanawasukuma ndege kutoka mbali hadi karibu na daraja la mbao lililojengwa kati ya mikoko. Maji yakishafika juu wanaruka kwenda kupumzika kwingine, na ukifika yakiwa yamepwa utaona nukta tu.

Na kama unaweza kuchagua mwezi, chagua Aprili, wiki zake za mwanzo. Wanakuwa wanavaa tena kwa ajili ya safari: ferruginea anageuka mwekundu kwa viraka, watazamaji wa Mida wanapata mkanda wa kahawia nyekundu kifuani, minuta anapata mgongo wa kutu. Wanakula bila kupumzika na miili inanenepa. Katikati ya Mei wengi wao wameondoka. Wanaobaki Juni na Julai, na huwa wapo, kwa kawaida ni vijana wa mwaka wa kwanza ambao hawajafikia umri wa kutaga. Wao hubaki na kijivu chao mwaka mzima, kwa hiyo ukimkuta mmoja ufukoni wakati wa baridi ya Nairobi, mwendo na mdomo ndivyo vitakavyokupa jina lake.